Jinsi ya Kuandaa na Kupiga Onyesho la Papo kwa Papo kwa Chapman Stick

Wanaoanza kupiga Chapman Stick huuliza maswali yale yale: mikono miwili itagongaje nyuzi kumi bila kuzuiana, ala ichomekwe kwenye spika ngapi, na hasa, mtu atapandaje jukwaani bila wimbo aliouandaa akae robo saa mbele ya watu. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku za mazoezi hadi noti ya mwisho. Nadharia ya muziki imeguswa pale tu itakapokufaa usiku wa onyesho.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, Stick ni ubao mrefu usio na kisanduku cha sauti, wenye freti (vijiti vya chuma vinavyoukata ubao na kupanga noti) na kwa kawaida nyuzi kumi, ambao huvaliwa karibu wima mbele ya kifua. Nyuzi zake hazikwanyuliwi kama za gitaa. Kila noti hutolewa kwa kugonga uzi kwa ncha ya kidole na kuushikilia kwenye freti, na mikono yote miwili hufanya hivyo kwa pamoja. Aliyeibuni ni Emmett Chapman, mpiga gitaa wa jazi wa California nchini Marekani, ambaye mwaka 1969 alianza kugonga nyuzi kwa mikono miwili iliyouendea ubao kutoka pande zinazokabiliana, na ambaye alianza kuziuza ala hizo mwaka 1974. Wengi wameisikia kupitia kwa mpiga besi Tony Levin katika kundi la roki la King Crimson kuanzia mwaka 1981, ingawa kwa kazi tunayoizungumzia hapa, ya mtu mmoja anayebuni muziki papo hapo, mpigaji wa kusikilizwa zaidi ni Greg Howard.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Stick ya nyuzi 10 iliyotuniwa kwa mtindo wake wa kawaida. Upande wa melodi, uzi wa 1 ni D, wa 2 ni A, wa 3 ni E, wa 4 ni B na wa 5 ni F kali (F#). Upande wa besi, uzi wa 6 ni C, wa 7 ni G, wa 8 ni D, wa 9 ni A na wa 10 ni E. Nyuzi nzito zaidi za pande zote mbili ziko katikati ya ubao, nazo nyembamba ziko ukingoni.
- Mkanda wa begani pamoja na ndoano ya kiunoni inayokamata mshipi wa suruali. Vaa mshipi imara, kwa sababu ule wa mapambo utapinda.
- Waya wa stirio unaogawanyika kuwa njia mbili, moja ya melodi na moja ya besi. Nunua wa akiba.
- Ampli (vikuza sauti) mbili, au njia mbili kwenye miksa ya ukumbini.
- Mashine ya kutunia na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo). Programu za simu zinatosha.
- Pedali ya kupandisha na kushusha sauti kwa upande wa melodi. Pedali nyingine zote zinaweza kusubiri.

Stick ni ghali, bei yake hufika maelfu ya dola, na madukani kwetu haipatikani. Ukitaka kujaribu kwanza kama mtindo huu unakufaa, chukua gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba, shusha nyuzi zikaribie freti kadiri inavyowezekana bila kukwaruza, kisha funga kitambaa laini karibu na freti ya kwanza ili nyuzi zisilie zenyewe. Hatua ya 3, ya 7 na ya 9 zitakufaa kama zilivyo. Namba za freti katika hatua ya 4 na ya 5, hata hivyo, ni za Stick peke yake, kwa kuwa gitaa limepangwa vingine.

Hatua za kufuata

1. Vaa ala mpaka isimame bila kushikwa. Pitisha mkanda begani, ingiza ndoano kwenye mshipi, kisha rekebisha urefu mpaka kichwa cha ala kipite karibu na bega la kushoto, na ubao uwe umeinama kidogo tu kutoka wima. Sasa achilia mikono yote miwili. Ala ikiteleza, ikizunguka au ikikuangukia shingoni, rekebisha tena kabla ya kugonga noti hata moja. Mkono unaobeba ala hauwezi kugonga kwa wepesi, na maumivu mengi ya kifundo cha mkono yanayolalamikiwa na wanaoanza chanzo chake ni hapa, si kwenye vidole.

2. Tuni ala kwa kuigonga. Karibu na kichwa cha ala kuna kizimio, yaani kitambaa kinachogusa nyuzi ili zisilie pale usipozigonga. Kwa sababu hiyo usijaribu kutuni uzi ulio wazi. Gonga kila uzi kwenye freti ya 12, ambako jina la noti ni lile lile la uzi wenyewe, na ushikilie kwa nguvu ile ile utakayoitumia unapopiga. Kubonyeza uzi huupandisha mlio kidogo, hivyo ala iliyotuniwa kwa vidole vizito itasikika chini kidogo utakapopiga kwa vidole vyepesi, na kinyume chake.

3. Jenga ugongaji mmoja ulio sawa kwa vidole vyote. Gonga uzi nyuma tu ya freti, upande wa kichwa cha ala, kisha baki umeshikilia. Noti huendelea kulia kadiri kidole kinavyokaa, na kidole kikiondoka kizimio huizima. Maana yake ni kwamba urefu wa kila noti uko mikononi mwako, jambo ambalo wanaotoka kwenye gitaa husahau, wakainua kidole mapema na kubaki na muziki wa vipande vipande.

Weka metronomu kwenye mapigo 70 kwa dakika. Gonga kwa kidole cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho kwa zamu, kila kimoja kwenye freti yake, na usikilize kama noti zote nne zina ukubwa mmoja. Kidole cha mwisho kitakuwa dhaifu. Usikilazimishe kugonga kwa nguvu zaidi, bali punguza nguvu ya vile vingine vitatu mpaka vilingane nacho. Katika ala hii ukubwa wa sauti hutokana na kasi ya kidole kinaposhuka, si nguvu ya kubonyeza baada ya kufika, na kazi ya kuwasikizisha watu wa nyuma ukumbini ni ya ampli.

Zingatia pia jinsi mikono inavyokaa. Wa kushoto unatokea kushoto na wa kulia unatokea kulia, vidole vikiwa sambamba na freti, na katika mikono yote miwili kidole cha shahada kiko upande wa noti za chini huku cha mwisho kikiwa upande wa noti za juu.

4. Fundisha mkono wa kushoto mzunguko mmoja mpaka usihitaji kufikiriwa. Hii ndiyo hatua inayoamua kama kutakuwa na onyesho au hakutakuwa nalo. Mtu anayeshindwa jukwaani kwa nadra huwa amekosa mawazo ya melodi. Mara nyingi huwa na mawazo tele, lakini mkono wa kushoto umemwomba msaada katikati ya sentensi.

Nyuzi za besi zimeachana kwa freti 7, kutoka mzito kwenda mwembamba. Kwa mpangilio huo, kodi kamili, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, hupatikana kwa nyuzi tatu zinazofuatana: noti ya msingi kwenye uzi wa 6, freti ile ile kwenye uzi wa 7, kisha uzi wa 8 freti mbili mbele ikiwa kodi ni ya meja, au freti moja mbele ikiwa ni ya maina. Umbo hilo halibadiliki popote utakapolihamishia.

Anza na kodi mbili hizi:

- D maina: uzi wa 6 freti ya 2, uzi wa 7 freti ya 2, uzi wa 8 freti ya 3.
- G meja: uzi wa 6 freti ya 7, uzi wa 7 freti ya 7, uzi wa 8 freti ya 9.

Freti ya 2, ya 7 na ya 12 kwa kawaida zina alama ubaoni, kwa hiyo macho yataipata njia hata kwenye mwanga hafifu. Usizigonge noti tatu kwa pamoja. Gonga ya uzi wa 6 kwenye pigo la kwanza, ya uzi wa 7 kwenye pigo la pili, ya uzi wa 8 kwenye pigo la tatu, na pigo la nne ushikilie zote tatu bila kuongeza kitu. Halafu hamia G na ufanye vivyo hivyo. Mapigo hayo manane ndiyo mzunguko wako. Kwa zile nyuzi mbili zilizo kwenye freti moja, mwanzoni tumia vidole viwili tofauti, kwa sababu kidole kimoja kilicholazwa juu ya nyuzi mbili hutoa noti moja nzito na nyingine ya kunong'ona.

Kipimo cha kuhitimu ni hiki: endesha mzunguko huku ukizungumza na mtu aliye chumbani, ukimjibu kwa sentensi kamili. Besi ikiyumba unapojibu, bado. Wanaoanza huchukia kipimo hiki na hukimbilia kuongeza kodi ya tatu na ya nne. Nawashauri wasifanye hivyo, kwani kodi mbili zinazotembea zenyewe zinatosha kwa onyesho zima, na wasikilizaji hawatazihesabu.

5. Upe mkono wa kulia noti chache. Nyuzi za melodi zimeachana kwa freti 5, zote kwa usawa, na hivyo umbo la vidole unalojifunza sehemu moja hutumika kila mahali. Kwa mzunguko wa D maina na G, anza na noti hizi:

- Uzi wa 4: freti ya 10 (A) na ya 13 (C).
- Uzi wa 3: freti ya 10 (D) na ya 13 (F).
- Uzi wa 2: freti ya 10 (G) na ya 12 (A).
- Uzi wa 1: freti ya 10 (C) na ya 12 (D).

Noti zote hizo zinakubaliana na kodi zote mbili kwa kiasi cha kutokuaibisha. Kodi ya G inapopita unaweza kuongeza B, ambayo iko kwenye uzi wa 1 freti ya 9, na hapo muziki hubadilika sura kama dirisha lililofunguliwa. Tahadhari: wakati huo huo kidole cha mkono wa kushoto kiko freti ya 9 ya uzi wa 8, na mikono miwili iliyofika freti moja husukumana. Mpaka utakapozoea, tumia B nyingine iliyo kwenye uzi wa 2 freti ya 14.

6. Unganisha mikono kidogo kidogo. Piga besi peke yake kwa mizunguko minne. Katika mzunguko wa tano gonga noti moja tu ya melodi, sawia na pigo la kwanza, na uishikilie hadi mwisho. Baadaye ihamishie kwenye pigo la nne, pale ambapo besi imetulia. Mwisho igonge katikati ya mapigo mawili. Hapo ndipo mikono hujaribu kuigana, kushoto kukachelewa ili kumsubiri kulia. Likitokea hilo, acha melodi papo hapo, rudi kwenye besi tupu, kisha jaribu upya. Kuendelea huku besi ikiyumba ni kuifundisha mikono kuyumba.

Mikono ikishaelewana, fanya zoezi la kuuliza na kujibu: mzunguko mmoja melodi inasema jambo, mzunguko unaofuata inanyamaza kabisa. Ukimya huo utaona ni mrefu mno. Kwa msikilizaji sivyo, maana yeye anaisikia besi ikiendelea na anangoja.

7. Chora ramani ya onyesho. Kubuni papo hapo hakuna maana ya kupanda bila kujua unakoelekea. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanalijua jambo hili kupitia taksimu: mpiga kanuni au udi hubuni kila noti palepale, lakini anajua maqam (mpangilio wa noti) anayoanzia, noti atakazotua, na mahali atakapoikabidhi bendi wimbo. Fanya hivyo hivyo. Andika kwenye karatasi mambo manne tu: sauti ya kuanzia, lini besi itaingia, badiliko moja kubwa la katikati, na namna ya kumaliza.

Mfano wa robo saa: anza kwa noti ndefu za melodi bila besi na bila mapigo, baada ya dakika mbili au tatu ingiza mzunguko, ukifika katikati, hamisha mzunguko mzima freti mbili mbele, umbo la kila mkono likibaki lile lile, ili D maina igeuke E maina, kisha rudi nyumbani na umalize kwa kodi moja ya D maina uliyoishikilia mpaka ife yenyewe. Mwisho ndio sehemu pekee ninayosisitiza iwe imeamuliwa kabla. Mpigaji asiyejua atakavyomaliza huzunguka, huzunguka tena, na ukumbi mzima hugundua kuwa anatafuta mlango.

Ikiwa unatamani kupiga maqam za taarab zenyewe kama rasti na bayati, ujue kwamba freti za Stick zimegawanywa kwa nusu toni, na zile noti za robo toni ambazo maqam hizo huzihitaji hazimo ubaoni. Zitapatikana kwa kuvuta uzi pembeni baada ya kuugonga, jambo linalowezekana kwenye noti ndefu lakini halifai kwenye mwendo wa haraka.

8. Panga sauti ya ukumbi mapema. Mweleze fundi sauti kwamba chombo ni kimoja lakini njia ni mbili, na ya besi aitendee kama gitaa la besi. Usipomwambia, atachomeka waya wa kawaida wa gitaa na upande mmoja utapotea. Anza kwa kupanga besi peke yake, kisha pandisha melodi mpaka noti nyepesi zaidi unayoweza kugonga isikike nyuma ya ukumbi. Usipange kwa noti nzito. Ukizoea kugonga kwa nguvu ili usikike, vidole vitachoka mapema. Mwangwi uwekwe upande wa melodi peke yake. Besi yenye mwangwi mwingi huwa uji, hasa kwenye ukumbi wa vigae na kuta tupu.

9. Piga. Kabla ya kuanza, gonga kila uzi mara moja kimyakimya, pedali ya melodi ikiwa imeshushwa na besi ikiwa imefungwa kwenye miksa, ili kuhakikisha tuni. Kisha anza polepole kuliko ulivyofanya nyumbani, kwa kuwa moyo unaoenda mbio hukimbiza mapigo. Ukigonga noti usiyoikusudia, usikunje uso wala usiikimbie: irudie makusudi kwenye mzunguko unaofuata, kisha isogeze freti moja hadi ifike kwenye noti unayoijua. Ikirudiwa, huonekana kuwa ilipangwa. Na wazo likikuishia, nyamazisha mkono wa kulia kwa mizunguko miwili. Mkono wa kushoto ulifundishwa kwa ajili ya saa hiyo.

Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wenye vidole vizuri ni kuonyesha kila kitu katika dakika tatu za kwanza. Stick huvutia macho, watu husogea mbele kutazama mikono, na mpigaji hulewa. Zuia noti za juu kabisa na mwendo wa kasi mpaka upite badiliko la katikati.

Likitokea tatizo

*Upande mmoja hausikiki.* Kagua waya kwanza, kwa kuwa huenda si wa stirio, au ncha zake mbili zimechomekwa kwenye njia moja. Baadhi ya ala zina swichi ya kuunganisha pande zote ziwe moja. Itumie kama dawa ya dharura.

*Nyuzi zinalia zenyewe nyuma ya noti.* Kizimio kimesogea au kimechakaa. Kisogeze mpaka kiguse nyuzi zote. Kama ni uzi mmoja tu unaosumbua, kipande chembamba cha kitambaa kilichoingizwa chini yake kitakufikisha mwisho wa onyesho.

*Noti zinakwaruza.* Ama unagonga mbali na freti, ama nyuzi zimeshushwa kupita kiasi. Jaribu kidole kabla ya kugusa skrubu, na usirekebishe urefu wa nyuzi siku ya onyesho.

*Spika zinavuma.* Geuka ili usielekeane na spika, sogea mbali na taa za kupunguzwa mwanga na chaja za simu, kisha mwombe fundi ajaribu kuchomeka vifaa vyako vyote kwenye soketi ya njia moja ya umeme.

*Mkono unauma.* Acha. Maumivu ya kifundo au ganzi ya vidole si uchovu wa mazoezi. Rudi hatua ya 1 upime tena mkanda na ndoano, na yakiendelea baada ya mapumziko ya siku kadhaa, muone daktari.

*Umepotea ndani ya mzunguko na hujui uko kodi gani.* Gonga D ya uzi wa 6 freti ya 2, ishikilie bila kuhesabu, na upige melodi huru juu yake kana kwamba umerejea mwanzo wa onyesho. Ukitulia, ingiza mapigo upya.

*Umeme umekatika.* Stick bila umeme inasikika na mtu aliye karibu nawe peke yake. Shusha sauti zote kwenye miksa na kwenye ampli kabla umeme haujarudi, kwa sababu mshindo wa umeme unaporudi unaweza kuchana spika, kisha ukianza tena anzia kwenye noti ndefu za mwanzo, si pale ulipokatizwa.